Ngome ya Mombasa Iliyojengwa kwa Umbo la Mtu

Hapa kwetu Usukumani, mtu akitaka kujua nguvu za mji hutazama ua wake. Wazee wetu walipanda minyaa kuzunguka nyumba na zizi, ikashikana hata fisi hawezi kupenya, na mwizi wa ng'ombe akipita huacha alama. Mlango wa boma huwa mmoja, nao hufungwa kwa miti jua likitua.

Siku moja mtoto wa shule alituuliza: “Mwalimu, Wareno walipokuja pwani zamani zile, mbona hawakupanda minyaa?” Darasa zima lilicheka, nasi tulicheka pamoja nao. Lakini baadaye tuliona ya kuwa swali lile si la kuchekwa. Kila ua hujengwa kwa kumfikiria adui fulani. Sisi tuliwafikiria fisi na wezi. Wareno walimfikiria nani? Tena, je, adui waliyemfikiria ndiye aliyewajia? Ndiyo maana leo twataka kuzungumza habari za boma moja la mawe, Fort Jesus, yaani Ngome ya Yesu, lililoko kisiwani Mombasa penye mlango wa bandari ya zamani.

Kwanza tueleze jinsi lilivyojengwa. Vasco da Gama alifika Mombasa mwaka 1498, naye hakupatana na wenyeji. Alipokewa vema Malindi, na tangu siku hiyo Malindi na Mombasa wakawa kama wake wenza wa mume mmoja. Wareno waliuchoma mji wa Mombasa mwaka 1505, wakauchoma tena baadaye, lakini kila mara waliondoka na mji ukajengwa upya. Kwa muda wa karibu miaka 100 hawakuona haja ya kukaa pale. Makao yao makuu yalikuwa Goa, katika Bara Hindi, na pwani yetu kwao ilikuwa njia tu: merikebu zilingoja pepo, zikachukua maji na chakula, zikaenda zake.

Kilichowabadilisha nia ni Mturuki mmoja jina lake Ali Bey. Alishuka pwani mwaka 1585 kwa merikebu chache, na watu wa miji mingi wakampokea kwa furaha, kwa kuwa wamechoka na Wareno. Alirudi tena, na mwaka 1589 Wareno wakaleta kundi kubwa la merikebu kutoka Goa, wakamkamata pale pale Mombasa. Siku zizo hizo kabila la Wazimba, lililokuwa likipiga nchi tangu kusini, lilikuwa limefika ng'ambo ya kisiwa, nalo likavuka na kuwaua watu wengi wa mji. Basi Mombasa ikabaki dhaifu, na mfalme wa Malindi, rafiki wa Wareno, akahamishiwa huko. Wareno walisema mioyoni mwao: Mturuki akirudi tena akiishika bandari hii, njia yetu ya Bara Hindi imekatika. Mwaka 1593, kwa amri ya Mfalme Felipe wa Pili, aliyetawala Hispania na Ureno pamoja, kazi ya kujenga ikaanza.

Mwenye kuchora ramani ya ngome hakuwa Mreno, bali Mwitalia wa Milano, Giovanni Battista Cairati, mkuu wa wajenzi wa ngome za Wareno katika Bara Hindi. Waashi walitoka Bara Hindi na vibarua walitoka Malindi. Ngome ilijengwa juu ya mwamba wa matumbawe, kwa mawe ya matumbawe, na upande wa bara wakachimba handaki katika mwamba huo huo. Mwaka 1596 ilikuwa imesimama. Mwaka huo huo Cairati alifariki huko Goa, na ngome hii ikawa kazi yake ya mwisho.

Sasa chukua kijiti, uchore mchangani. Chora mraba. Katika kila pembe ya mraba huo ongeza buruji lenye ncha, lililotokeza nje kama kiwiko cha mkono. Mawili yatazame bara, nayo huitwa Mtakatifu Filipo na Mtakatifu Alberto. Mawili yatazame bahari, Mtakatifu Mathia na Mtakatifu Mathayo. Kisha, kati ya yale mawili ya baharini, ongeza sehemu ya ukuta iliyotokeza kuelekea majini. Simama utazame ulichochora. Utaona mtu amelala chali: kichwa baharini, mikono miwili imenyoshwa, na miguu miwili imetanuka kuelekea bara. Leo mtu akipita juu kwa ndege huona umbo hilo bila kuambiwa.

Watu wengi wakisikia hayo husema, “Kumbe walikuwa wakicheza!” La, hawakuwa wakicheza. Yapo mambo mawili ya kufahamu hapa. La kwanza, wataalamu wa Italia wa zamani zile waliamini kwamba vipimo vizuri kupita vyote ni vile vya mwili wa mwanadamu, na jengo likifuata ulinganifu wa mwili haliwezi kukosea. La pili ni mizinga, na hili tungependa wanafunzi walishike vizuri.

Tuseme umejenga boma la mraba, kuta zimenyooka, wala hakuna kilichotokeza. Adui akija mbali, mtu aliye juu ya ukuta humwona na kumpiga. Lakini adui akikimbia hata kufika chini kabisa ya ukuta, mlinzi hamwoni tena, isipokuwa ainame nje na kujitia katika hatari. Pale chini adui atachimba, ataweka baruti, ataegemeza ngazi. Ukijenga minara ya mviringo pembeni, bado panabaki mahali palipofichika mbele ya kila mnara. Ndipo Waitalia walipobuni buruji lenye ncha. Mzinga ukiwekwa katika ubavu wa buruji hautazami mbele, bali hutazama kando, ukifuata uso wa ukuta wote hata buruji la pili. Na mzinga wa buruji la pili huutazama ukuta huo huo kutoka upande wake. Basi adui akifika chini ya ukuta hajapata maficho, bali amesimama kati ya mizinga miwili. Mikono ya yule mtu mliyemchora yalinda kichwa, na miguu yalindana yenyewe kwa yenyewe.

Cairati aliongeza hila nyingine. Maburuji mawili ya bara, kwa pande zinazotazamana, yana kona zilizokunjwa ndani, ili mizinga iliyowekwa humo isipigwe kwa urahisi na adui aliye mbali. Lango kuu nalo halikuwekwa wazi katikati ya ukuta, bali limejificha karibu na ubavu wa buruji la Mtakatifu Mathia. Anayeliendea hana budi kupita machoni pa walinzi wa juu. Tena upande wa bahari kuna njia iliyokatwa ndani ya mwamba, yenye matao, ishukayo hata majini, ili mashua zilete chakula na watu hata kama nchi kavu yote imeshikwa na adui. Tulipopata nafasi ya kufika Mombasa tulisimama pale muda mrefu. Ni njia nyembamba, na ukiitazama waona kwamba uhai wa ngome yote ulipita hapo.

Maana, ndugu zetu, tukisoma habari za ngome hii mwaka kwa mwaka twaona jambo la ajabu. Ukuta ulifanya kazi yake kama mjenzi alivyokusudia, na hata hivyo ngome ilitekwa mara nyingi.

Mara ya kwanza ilikuwa tarehe 16 Agosti 1631. Mfalme wa Mombasa siku hizo alikuwa Yusuf bin Hasan. Baba yake alikuwa ameuawa mwaka 1614 kwa hila ya Wareno, baada ya kugombana na kapiteni wa ngome. Mtoto Yusuf alipelekwa Goa, akalelewa na mapadre, akabatizwa jina la Jerónimo, akarudishwa mwaka 1626 awe mfalme Mkristo chini ya Wareno. Hata siku moja kapiteni akaambiwa kwamba mfalme huenda kwa siri kwenye kaburi la baba yake na kuomba dua kwa desturi ya Waislamu. Kapiteni akakusudia kumpeleka Goa akahukumiwe. Yusuf akapata habari. Akaenda ngomeni na watu wake kama mgeni aendavyo kuamkia. Lango likafunguliwa, kwa kuwa yeye ni mfalme. Naye akamwua kapiteni, na Wareno wa mjini wakauawa baada yake. Mizinga yote ya Cairati ilikuwa mahali pake, imeelekezwa nje.

Sisi hatutaki kumsifu wala kumlaumu kwa haraka, kwa kuwa wengi waliouawa hawakuwa na kosa. Lakini mwalimu hawezi kusoma habari hii asifikiri juu ya mtoto aliyechukuliwa na wale wale waliomwua baba yake, akafundishwa kusoma na kuandika nao, wao wakidhani amesahau. Mwaka 1632 Wareno walileta jeshi, nalo likashindwa kuvunja ukuta ule walioujenga wao wenyewe. Yusuf mwishowe akaona hawezi kukaa humo milele, akaondoka kwa merikebu, na Wareno wakarudi katika ngome tupu.

Mara ya pili ndiyo ile iliyo mashuhuri zaidi. Waarabu wa Omani walikuwa wamewafukuza Wareno Maskati mwaka 1650, na watu wa pwani wakawapelekea maombi ya msaada. Mwezi wa Machi 1696 merikebu za Omani zikafika Mombasa, mji ukachukuliwa, na ngome ikahusuriwa. Ndani walikuwamo Wareno wachache na watu wa pwani wengi zaidi yao, wanaume kwa wanawake na watoto, waliochagua upande wa Wareno. Waomani hawakuweza kuuvunja ukuta. Walingoja.

Mwezi wa Desemba 1696 msaada ulifika kutoka Goa, lakini pamoja nao ikaja tauni. Mwaka 1697 maradhi yaliwamaliza watu wa ngomeni kwa makumi. Ilifika siku Wareno wote walikuwa wamekufa au wako katika kufa, na ngome ikalindwa na Sheikh Daud wa Faza, na watu 17 wa jamaa yake, na wanaume 8 wa Kiafrika, na wanawake 50 wa Kiafrika. Msikilizaji, hesabu mwenyewe. Waliokuwa wengi katika walinzi wa ngome ile maarufu ya Wazungu walikuwa wanawake wetu. Vitabu vimehifadhi majina ya makapiteni. Majina ya wanawake hao 50 hatuna hata moja. Mchoraji wa ramani alipima pembe za mizinga kwa ustadi mwingi, lakini hapana mahali katika ramani yake panapoonyesha ni nani atakayepanda ukutani wenye bunduki wakiisha kufa.

Walishika ngome mpaka merikebu nyingine zikafika Septemba mwaka huo. Mwezi wa Oktoba merikebu moja kubwa, Santo António de Tanná, ilizama chini ya ngome yenyewe. Vita vikaendelea mwaka mzima tena. Hata Desemba 1698, Waomani walipopata habari kwamba ndani wamebaki kapiteni, watu 9 na padre mmoja, waliingia kwa ngazi usiku upande wa buruji la Mtakatifu Mathayo, na alfajiri ya tarehe 13 ngome ikawa yao. Ilikuwa imekaa katika dhiki ile miezi 33. Siku 7 baadaye merikebu za msaada zikatokea baharini. Waliomo waliona bendera nyekundu juu ya ukuta, wakageuza tanga.

Yaliyofuata tutayapita upesi, maana yafanana. Mwezi wa Machi 1728 Wareno walirudishiwa ngome kwa sababu askari wa Omani waliokuwa ndani waligombana wao kwa wao. Mwaka 1729 wenyeji waliwainukia Wareno, nao wakasalimu amri mwezi wa Novemba kwa kukosa chakula, wakaondoka wasirudi tena. Kisha wakaja maliwali wa jamaa ya Mazrui. Mwaka 1746 liwali Muhammad bin Athman aliuawa ngomeni na watu wa mtawala mpya wa Omani, na ndugu yake Ali akafungwa humo. Akatoroka, akakusanya watu, akarudi usiku akaitwaa ngome. Mwaka 1837 Seyyid Said wa Unguja aliwapata wakuu wa Mazrui kwa maneno matamu na pingu, si kwa mizinga. Mara moja tu katika habari hizi mizinga ya nje ndiyo iliyoamua mambo: mwezi wa Januari 1875, Akida aliyeasi ndani ya ngome alipopigwa na merikebu mbili za vita za Kiingereza, naye akasalimu amri. Lakini mizinga ya mwaka 1875 haikuwa ile aliyoifahamu Cairati.

Hapa twataka kusimama kidogo juu ya neno moja, maana sisi walimu hupenda maneno. Wareno waliacha maneno mengi katika Kiswahili: meza, bendera, kasha, leso, karata. Liko na lingine tunalolitumia bila kujua asili yake, nalo ni gereza. Kwa Kireno *igreja* ni kanisa. Ndani ya ngome ya Mombasa kulikuwa na kanisa, na watu wa pwani waliposikia Wareno wakilitaja jina hilo, walilitumia kwa jengo lote. Ngome ya Kilwa nayo huitwa Gereza hata leo. Basi gereza kwanza ni kanisa, kisha ni ngome, kisha, kwa kuwa ngomeni ndiko watu walikofungwa, likawa nyumba ya wafungwa.

Na neno hilo lilitimia kabisa Mombasa. Waingereza walipotwaa utawala wa nchi ile mwaka 1895, waliifanya ngome kuwa jela ya serikali, nayo ikakaa hivyo hata mwaka 1958. Katika historia yote ya jengo hili hatuoni matumizi yaliyofuata umbo lake kinyume namna hiyo. Cairati alijenga ukuta ili mtu wa nje asiingie. Kwa miaka 63 ukuta ule ule ulikaa ili mtu wa ndani asitoke. Lango moja lililojificha, lililokuwa salama kwa askari, lilimfaa askari jela vile vile. Hawakuhitaji kubadilisha mengi.

Jela ilipohamishwa, fedha zilitolewa na shirika la Gulbenkian la Ureno, paundi 30,000, na Bwana James Kirkman, mtaalamu wa kuchimba mambo ya kale, akasafisha na kufukua. Mwaka 1960 ngome ikafunguliwa kuwa nyumba ya makumbusho, na mwaka 2011 ikaandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Eneo lake pamoja na handaki ni hekta 2.36, yaani karibu ekari 6. Mkulima wa pamba wa hapa Dutwa mwenye shamba la ekari 6 aweza kusimama pembeni pa shamba lake akaona kwa macho ukubwa wa mahali palipogombewa na Wareno, Waomani, Wamazrui, Waunguja na Waingereza.

Kati ya vitu vilivyopatikana wakati wa kusafisha, viko vilivyotugusa kuliko mizinga. Katika buruji la Mtakatifu Mathayo, askari wa Kireno walichora ukutani kwa makaa na udongo mwekundu: merikebu zenye tanga, makanisa, watu, wanyama. Si kazi ya fundi. Ni michoro ya mtu aliyekaa zamu juani, kama watoto wetu wachungao ng'ombe wanavyochora juu ya majabali. Walichochora zaidi ya vyote ni merikebu. Nayo merikebu ya Santo António de Tanná ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, hata wapiga mbizi wakaifanyia kazi tangu 1977 hata 1980, wakatoa mitungi, vyombo vya udongo na vifaa vya vita, ambavyo sasa vimewekwa ngomeni.

Tuliporudi tulimwita yule mtoto aliyeuliza habari za minyaa. Tulimchorea yule mtu mchangani, na kichwa chake, mikono na miguu, tukamweleza mizinga inavyotazamana. Alisikiliza, kisha akainama, akaonyesha kwa kidole upande wa bahari, akauliza ile njia ya chakula iko wapi. Tulikuwa tumesahau kuichora.